Wimbo Mmoja, Jasho la Vijana Wanne

Swali lililonitoa kijasho niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, siku ya Alhamisi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo kila mwalimu wa Kiswahili anaijua kwa usingizi wake. Nilikuwa nimeingia darasani na simu yangu pamoja na spika ndogo, nia yangu ikiwa kufundisha maneno ambayo lugha yetu iliyapata kutoka Kiarabu. Badala ya kuyaorodhesha ubaoni kama ilivyo desturi, niliwachezea wanafunzi wimbo. Ulikuwa “Lazizi”, wa kundi la Sauti Sol. Darasa lililokuwa likisinzia likaamka. Hata wale wa viti vya nyuma, ambao kwa kawaida huniachia mimi peke yangu kazi ya kuwa macho, waliinua vichwa. Wimbo ulipokwisha nikaona mikono imeinuka, nikajipongeza moyoni kwamba kipindi kimefaulu. Nikamchagua msichana aketiye karibu na dirisha.

“Mwalimu, wimbo huu uliununua wapi?”

Sikuwa nimeununua. Nilikuwa nimepewa na mwalimu mwenzangu, naye alipewa na mpwa wake, na huyo mpwa aliutoa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Nilimjibu yule msichana kama wajibuvyo watu wazima waliobanwa ukutani: nilimwambia kwamba hilo si swali la leo, afungue daftari, tuendelee na maneno ya Kiarabu. Darasa lilicheka kicheko kile cha chini chini ambacho mwalimu hujifanya hakukisikia. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kulirudia hapa, kwa kuwa swali la yule mtoto lilikuwa zuri kuliko somo langu.

Kwanza tuwatambue wenye wimbo. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikutana wakiwa wanafunzi wa Upper Hill School jijini Nairobi, na huko waliimba katika kundi la nyimbo za dini lililoitwa Voices in the Light, kundi lililoimba bila ala yoyote ila koo walizojaliwa. Mnamo mwaka wa 2005 waliungana na mpiga gita Polycarp Otieno, ambaye walimfahamu katika ukumbi wa Alliance Française, nalo kundi la vijana wanne likazaliwa. Jina lao ni ndoa ya lugha mbili: sauti ni yetu, na “sol” ni jua kwa Kihispania. Hawakuanzia katika kampuni kubwa. Walirekodi albamu yao ya kwanza, Mwanzo, chini ya lebo ndogo ya Nairobi iitwayo Penya, wakati muongo wa kwanza wa karne hii ukielekea ukingoni. “Lazizi” ndio wimbo uliotangulizwa sokoni ubishe hodi kwa niaba ya nyingine.

Nani asiyekumbuka hali ya redio zetu wakati huo? Vijana wengi waliotaka kusikika walikuwa wakitafuta mdundo wa kompyuta, maneno ya kughani kwa kasi na majina ya kutisha. Hawa wakaja na gita lisilo na umeme mwingi, sauti zilizopangwa kama za kwaya ya shule, na wimbo wa mapenzi uliotulia kama maji ya mtungi. Wimbo huo ulikuwa wa Kiswahili, tena Kiswahili ambacho mwalimu hahitaji kuomba radhi kabla ya kukipeleka darasani. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la ujasiri, na sisemi hivyo kwa ushabiki. Zipo kazi zao za baadaye ambazo sizipendi. Video ya “Nishike” ya mwaka wa 2014 iliwakera watu wengi, nami nilikuwa miongoni mwao. Singeionyesha mbele ya kidato cha pili hata kama ningelipwa. Lakini msanii hahukumiwi kwa kazi moja, kama vile mshairi asivyohukumiwa kwa beti alizoandika akiwa na njaa.

Turudi kwenye neno lenyewe, maana ndilo lililoniingiza matatani. Nilipokuwa nikiandaa somo nililiuliza swali hili katika chumba cha walimu: lazizi ni nini, na limetoka wapi? Hapo pakazuka ubishi uliotumaliza dakika zote za mapumziko, na chai ikapoa vikombeni. Mwalimu mmoja alishikilia kwamba ni neno lenye maana ya kitu kitamu, kitu cha kupendeza, na kwamba ni ndugu wa damu wa neno ladha. Asili yake ni Kiarabu, akasema, na herufi iliyo katika maneno yote mawili huko kwao ni moja, ile inayotamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa meno. Katika ladha Waswahili waliihifadhi sauti hiyo kama dh. Katika lazizi wakailainisha ikawa z. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko.

Mwalimu mwingine, mzaliwa wa Pwani, aliyekuwa kimya akimenya chungwa, akatikisa kichwa. Kwao, akasema, mpenzi huitwa laazizi, kwa kuivuta ile sauti ya a, na neno hilo halina uhusiano wowote na utamu wa chakula. Ni ndugu wa azizi, yaani kitu cha thamani, kitu adimu, mtu mwenye kuthaminiwa. Ule mwanzo wake ni kiambishi cha Kiarabu kilichoganda kwenye neno kikasahaulika kuwa ni kiambishi. Basi anayemwita mwenzake hivyo hamfananishi na halua, anamfananisha na johari. Kamusi zetu zinayo maneno yote mawili, na kila upande uliondoka ukiamini kwamba umeshinda. Mimi nilibaki nikijiuliza ni lini mara ya mwisho tamthilia au riwaya iliyoteuliwa kutahiniwa ilitufanya tugombane hivyo juu ya neno moja, kwa hiari yetu, bila kulazimishwa na mwongozo wa mwalimu.

Hapo ndipo penye dosari ya ufundishaji wetu. Katika fasihi simulizi tunawakaririsha wanafunzi kwamba nyimbo ni za aina nyingi: kuna nyiso za jandoni, kuna bembelezi za kumlaza mtoto, kuna hodiya za wafanyakazi, kimai za mabaharia, na kuna nyimbo za mapenzi. Mwanafunzi huyaandika hayo yote, akayatapika kwenye karatasi ya mtihani, kisha akatoka nje akavaa vidude vyake vya masikioni na kusikiliza wimbo wa mapenzi uliotungwa mwaka huo huo na mtu aliyesoma shule kama yake. Haimpitikii kwamba anachosikiliza ni kile kile alichotoka kukiandika. Nasi hatumwambii. Tumeifanya nyimbo kuwa mali ya bibi aliyekufa, kana kwamba siku ya maziko yake kipaji cha kutunga kilizikwa naye.

Muziki wa aina hii umepewa na Wazungu jina refu linalounganisha mambo matatu: uhuru wa kutofungwa na kampuni kubwa za kurekodi, mizizi ya nyimbo za kiasili, na wepesi wa muziki wa kisasa upendwao na wengi. Huko kwao ulivuma sana katika miaka ya 2010. Kundi la The Lumineers la Marekani lilipata umaarufu mwaka wa 2012 kwa wimbo “Ho Hey”, uliojengwa kwa gita, vishindo vya miguu na vibwagizo vya pamoja, nao ulitolewa na lebo ndogo ya Nashville iitwayo Dualtone. Wanafunzi wangu wanaujua. Wasichojua ni kwamba George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, alikuwa akipiga gita la mtindo wa omutibo kutoka nchi ya Waluhya, na mwenzake akikwaruza chupa ya soda kandoni kushika mdundo. Chupa ile haikuwa ya mapambo. Ndiyo ngoma iliyopatikana kwa bei ya kinywaji. Ikiwa umaskini wa ala na wingi wa sauti ndio unaoufanya muziki kuwa wa aina hiyo, basi sisi si wageni karamuni.

Na huo wimbo mmoja unaotangulizwa, ambao magazeti yetu siku hizi huuita singo, nao una historia yake. Sahani za zamani za inchi kumi, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu tu kila upande. Watunzi wakajifunza kusema yote waliyo nayo katika muda huo. Mwaka wa 1949 kampuni ya RCA ya Marekani ilileta santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye tundu pana katikati, na hiyo ndiyo iliyoingia katika mabaa na nyumba za Afrika Mashariki. Wasomaji wenye mvi watakumbuka santuri za River Road. Wimbo wa benga au rumba ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, hivyo ukakatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Mwenye baa aliigeuza sahani katikati ya ngoma, wachezaji wakisubiri mguu mmoja ukiwa hewani. Sahani imekwenda zake, lakini ule urefu wa wimbo umebaki, kama kovu linavyobaki baada ya kidonda.

Santuri ile ilikuwa na faida moja ambayo simu haina: ilishikika mkononi. Aliyeitaka alitoa shilingi zake dukani. Ukimwazima jirani, wewe unabaki bila. Wimbo wa simu huazimwa kwa watu arobaini bila wewe kupungukiwa na chochote, na kwa sababu hujapungukiwa, unaona kwamba hakuna aliyepungukiwa. Mimi niliona hivyo hivyo hadi Alhamisi ile.

Lakini tusiwasingizie vijana wa leo kana kwamba wao ndio waliovumbua wizi. Nyimbo zetu zilianza kusafiri bila wenyewe zamani. Mwaka wa 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza lilivuma kwao kwa wimbo “Helule Helule”, ambao ni wa Daudi Kabaka wetu. “Malaika”, uliorekodiwa na Fadhili William, uliimbwa na Miriam Makeba pamoja na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka wa 1965, na albamu hiyo ikatuzwa nchini Marekani katika fungu la nyimbo za kiasili. Mwaka wa 1981 kundi la Boney M. likautoa tena kama singo, na miaka miwili baadaye likautumia wimbo wa Them Mushrooms, “Jambo Bwana”, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Hadi leo wako wanaosema kwamba mtunzi wa “Malaika” hakuwa Fadhili William, na ubishi huo umedumu kuliko uhai wake, kwani yeye na Kabaka wote walituacha mwaka wa 2001. Nani angebishana hivyo kama siku ile ya kwanza jina la mtunzi lingeandikwa mahali panapoaminika, mbele ya mashahidi?

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha “Kothbiro”. Jina hilo kwa Kiluo maana yake ni kwamba mvua inakuja. Wimbo huu uliimbwa katika miaka ya 1970 na bendi ya vijana wa Nairobi iliyoitwa Black Savage. Ayub Ogada, aliyekuwa katika bendi hiyo, aliuimba upya kwa nyatiti katika albamu En Mana Kuoyo ya mwaka wa 1993, na toleo hilo likasikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka wa 2005. Kisha mwaka wa 2018, zaidi ya miaka arobaini baada ya vijana wale kuurekodi, kipande cha toleo la zamani kikatokea katika wimbo “Yikes” wa Mmarekani Kanye West, na majina ya Ayub Ogada na James Mbarack Achieng yakaandikwa miongoni mwa watunzi. Ogada alifariki mwaka uliofuata. Sijui msomaji anajisikiaje, lakini mimi kila niwazapo bendi changa ikitoa kijiwimbo chake kimoja, wenzao wakiwacheka kwamba wanapoteza wakati, huwaza mvua ile iliyochukua miaka arobaini kufika. Kilichoifanya impate mwenyewe ni majina mawili kwenye karatasi.

Wenzetu wa “Lazizi” waliijua thamani ya karatasi. Wamepanda ngazi wakiwa na macho wazi. Mwaka wa 2014 walitunukiwa tuzo ya MTV Europe kama wasanii bora wa Afrika, na Julai 2015 Rais Barack Obama alipoandaliwa karamu katika Ikulu ya Nairobi, alicheza nao “Sura Yako” kwa mtindo wao wa Lipala. Mei 2022, mojawapo ya miungano mikubwa ya kisiasa ilipokuwa ikitangaza mgombea mwenza wake wa urais, wimbo wao “Extravaganza” ulipigwa katika shughuli hiyo. Kundi likatoa taarifa likilalamika kwamba halikuombwa idhini. Watu wengi waliwaona ni wachoyo. Wimbo si ulikwisha kutoka? Si unapigwa matatuni kila siku? Nilisikia maneno hayo hata kwa walimu, watu ambao mwenzao akichukua maandalizi yao ya kipindi bila kuomba hawamsemeshi wiki nzima.

Tofauti ni kubwa, na ingefaa mwanafunzi aijue kabla ya kumaliza shule. Kuusikiliza wimbo ni jambo moja. Kuupiga mbele ya umma ni jambo la pili, na lina leseni yake. Kuufunga wimbo kwenye picha, tangazo au kampeni ya siasa ili maneno ya msanii yaonekane kuunga mkono maneno yako, hilo ni jambo la tatu, na mwenye wimbo anaweza kukataa hata ukimwonyesha noti. Sauti ya mtu ni kama sahihi yake. Huwezi kuitia kwenye hati asiyoisoma.

Kuhusu fedha, hali ya leo ina mazuri yake na machungu yake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na hata bila kuusajili, wimbo ulionaswa kwenye chombo una ulinzi wake, ijapokuwa usajili husaidia sana siku ya ubishi. Tangu 1983 tunacho chama cha kuwakusanyia wanamuziki mirabaha, na malalamiko ya wanamuziki dhidi ya ukusanyaji huo yana umri unaokaribia ule wa chama chenyewe. Kwenye mitandao ya kusikilizia muziki, malipo ya mtu mmoja kusikiliza wimbo mara moja hupimwa kwa visehemu vya senti ya dola. Bendi ndogo yaweza kusikilizwa na mji mzima na isipate nauli ya kuuzuru mji huo. Upande wa simu, marekebisho ya sheria yaliyofanywa mwaka wa 2022 yaliagiza kwamba katika mapato ya miito ya kumsubirisha mpigaji, msanii apate si chini ya asilimia 52. Kabla ya hapo wasanii walilia miaka mingi kwamba kampuni na madalali walikuwa wakila nyama wao wakiachiwa mchuzi. Mwanafunzi anayeweka wimbo wa bendi changa kwenye simu ya mzazi wake, kwa ruhusa ya mzazi, amewasaidia kuliko anayewapigia makofi ukumbini.

Wako watakaosema kwamba wanne hawa wamekwisha tajirika, waachwe. Ni kweli kwamba mwaka wa 2020 walitoa albamu yao Midnight Train wakiwa na kampuni kubwa ya Universal, na kwamba Mei 2023 walitangaza mapumziko yasiyo na ukomo, wakaagana na mashabiki Novemba mwaka huo ili kila mmoja afuate njia yake. Lakini walipotoa “Lazizi” hawakuwa matajiri. Walikuwa vijana waliotoka tu chini ya sare ya shule, na hakuna aliyejua kama wimbo wa pili ungesikika. Kila bendi inayotoa singo leo, hapo ndipo ilipo. Imelipia saa za studio kwa pesa za kuazima. Nyuzi za gita zimekatika mara mbili. Mpiga ngoma anatafuta kazi ya benki ambayo mamake anamwombea usiku na mchana. Wimbo huo mmoja ndio utakaoamua kama Jumamosi ijayo watakutana tena kufanya mazoezi, au gita litapanda juu ya kabati kupigwa na vumbi. Nasi tunausambaza kwa ukarimu mkubwa, kana kwamba ni wetu.

Sisi walimu tuna deni letu la pekee. Kila mwaka katika tamasha la muziki la shule na vyuo tunapanga upya nyimbo za kiasili za jamii zetu, tukaongeza sauti ya tatu na ya nne, tukabadilisha mwendo, tukashangiliwa. Mara ngapi tumeandika jina la kijiji tulikouchukua wimbo ule, au la mzee aliyetuimbia akiwa ameketi kwenye kigoda chake? Tangu mwaka wa 2016 nchi hii ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, lakini sijawahi kuona nakala yake katika chumba cha walimu hata kimoja, na vyumba hivyo nimeketi katika vingi. Mtoto anayemwona mwalimu wake akifutilia mbali jina la mwenye wimbo tangu akiwa na miaka kumi na minne, atajifunzia wapi kuliandika?

Nilirudi darasani Jumatatu iliyofuata. Kabla ya kufungua kitabu nilimjibu yule msichana mbele ya wenzake: sikununua, nilipewa, nimeununua jana. Nikawaonyesha risiti kwenye simu. Nilitarajia kicheko, lakini walikuwa kimya, isipokuwa mvulana mmoja aliyetaka kujua ni shilingi ngapi, na nilipomtajia akasema ni bei ya andazi na chai. Halafu tukaanza upya ubishi wa lazizi na laazizi, na kengele ikatukuta hatujaumaliza.

Mwezi jana msichana huyo alinijia na daftari. Yeye na wenzake wametunga wimbo wa gita, wa Kiswahili, na mjomba wa mmoja wao ana rafiki mwenye studio ndogo mjini. Wanataka kuurekodi likizo ya Agosti. Aliniomba nisahihishe sarufi. Nilisahihisha mahali pawili, pa tatu nikapaacha, kwa kuwa kosa lenyewe lilikuwa na utamu kuliko usahihi wangu. Kisha nikamwambia ageuze ukurasa aandike tarehe na jina la kila mtu aliyeshiriki kutunga, na kila mmoja atie sahihi. Aliandika majina matano bila kusita. Kwa la sita akainua kalamu, akatazama mlangoni walikokuwa wamesimama wenzake. Huyo wa sita, akaniambia kwa sauti ya chini, yeye alipiga makofi tu, ila makofi yenyewe ndiyo yaliyowapa mwendo wa kiitikio. Nilipotoka ofisini saa kumi jioni walikuwa bado wamesimama chini ya mwembe, daftari likiwa wazi, wakijadiliana.